Aliyeongeza Hadina Ni Mimi

Area D, Dodoma
Jumamosi, baada ya Alasiri

Mwanangu Rukia,

Nakuandikia nikiwa bandani, nimekalia tairi, daftari nimeliegemeza kwenye boneti ya gari la watu. Wewe na mama yako mko ndani mnafungasha, nawasikia mnabishana kuhusu sweta. Lichukue tu, hutamshinda. Habari za sweta, za dawa ya mafua, za kutokula kitu cha mtu usiyemjua ndani ya basi, mama yako amezimaliza zote na nyingine amezirudia mara tatu. Huko mimi sina la kuongeza. Nina jambo moja tu, na kwa mdomo limenishinda. Juzi nilikufuata hadi uani nikiwa nimelipanga vizuri kichwani, nilipokufikia nikakuuliza kama una soksi za kutosha. Ukanicheka: "Baba, tangu lini ukajali soksi?"

Basi nalisema hapa mwanzoni, nisije nikazunguka zunguka nikalikwepa tena. Ile dashibodi ya Maulidi hukuiharibu wewe. Niliiharibu mimi. Wewe ulipima sawasawa, mimi nikaongeza hadina, ile dawa ya kugandisha, wakati umeingia ndani kunichukulia chai. Na uliponiuliza, nilikuapia kwa Mungu kwamba sikugusa kitu. Nilikuapia uongo, mwanangu.

Ukitaka kuacha kusoma hapo, una haki. Lakini ningependa uendelee, maana kesho alfajiri unapanda basi la Arusha ukiwa umebeba mzigo wangu, na mimi sitaki ufike nao.

Unajua nimekuwa fundi wa bodi tangu kabla hujazaliwa. Nilitoka Kondoa nikiwa kijana, nikaja hapa mjini, na kazi niliyofundishwa ni puti. Gari limebonyea, unagonga, unapaka puti, unapiga msasa, unapiga rangi, mwenyewe akija haoni kitu. Aliyenifundisha alikuwa akisema fundi mzuri ni yule ambaye kazi yake haionekani. Alikuwa na maana yake nzuri, mimi nikaichukua nusu. Nikazoea kwamba kitu kikishafunikwa, kimekwisha.

Ile hadithi ya lori la shule la Kongwa unaijua, nimekusimulia mara nyingi tukacheka. Mlango ulikuwa na tundu la kutu, ngumi inapita, nami nilikuwa na haraka ya sikukuu. Badala ya kuchomea bati nikasokomeza karatasi za mfuko wa saruji, nikapaka puti juu yake, nikapiga rangi, likang'aa. Wiki mbili baadaye dereva amerudi na mlango wake umefunguka palepale, karatasi imechomoza, na wanafunzi kila asubuhi wakipanda wanasoma maandishi ya mfuko. Hapo ndipo huwa tunacheka. Kipande ambacho sijawahi kukusimulia ni kwamba nilimwambia yule dereva aliyefanya vile ni msaidizi wangu. Wakati ule sikuwa na msaidizi wala kivuli chake. Kwa hiyo usidhani kilichotokea Julai kilinipata kwa bahati mbaya. Ni ugonjwa wa siku nyingi, na kama wasemavyo, mficha maradhi kifo humuumbua.

Sasa njoo kwenye kaboni. Maulidi alipoleta gari lake, unakumbuka alivyokuwa anaringa. Mtu wa mjini, babu na babu wa babu yake wafanyabiashara, duka la vipuri limejaa hadi barazani, na lile gari lake jeusi la milango miwili analipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Akataka dashibodi ya kaboni faiba halisi. "Stika naweza kununua mwenyewe nikabandika," akasema. "Nataka kitambaa chenyewe, nikigusa nijue nimegusa kitu." Mimi kaboni nilikuwa naisikia tu. Nilikuwa nafungua mdomo nimwambie aende Dar, wewe ukanivuta shati. "Baba, tunaweza."

Ukakaa wiki mbili na simu yako na daftari. Usiku wa kwanza nilidhani unachati, kumbe unatazama watu wa nchi za mbali wakifanya kazi hiyo kwenye magereji ya nyumbani kwao, unaandika kila kitu. Kitambaa kikaja na basi kutoka Dar kimeviringishwa kama mkeka. Mama yako akakishika, akasema mbona cheusi hivi kama cha msiba, na mbona kinachoma vidole. Tukaifungua dashibodi ya Maulidi, tukaipiga msasa hadi mng'ao wake wote ukaisha, ukaipaka rizini nyeusi ya kwanza, ile gundi ya kushikia kitambaa. Ukawa unaigusa kwa kidole kila baada ya muda, unasubiri ifike mahali inanata lakini haibaki kidoleni. Mimi nikawa nakuhimiza, haya tulaze kitambaa. Ukanijibu bila kuniangalia, "Bado, Baba." Ulikuwa sahihi.

Halafu ukakilaza. Rukia, nimeshika magari miaka yote hiyo, sijawahi kuona mikono ikifanya vile. Pale juu ya mita pana mbonyeo na mkunjo unaogeuka pande mbili kwa pamoja, mahali ambapo kitambaa chochote lazima kifanye kifundo. Wewe hukukivuta. Ulikikata mshazari kama mama yako anavyokata kitambaa cha viti vya magari, ukakisukuma kidogo kidogo kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni, kikalala chote, mistari imekwenda sambamba kutoka mlango hadi mlango. Mama yako alikuja kutazama akasema, "Huyu kanizidi." Mimi nikasema, "Sawa, sasa tuendelee." Ndilo neno nililolitoa. Nilifurahi hadi nikaogopa kusema, maana nilihisi tayari umenipita, na mimi ndiye mwenye banda.

Asubuhi yake ndiyo ilikuwa ya kumwagia rizini ya wazi, isiyo na rangi. Tuliamka mapema kabla upepo haujaanza kuleta vumbi, na Julai ya Dodoma unaijua, alfajiri mtu anatamani kulala ndani ya jiko. Ukaweka kopo juu ya mizani. Gramu mia za rizini, thelathini za hadina, kama maelezo yalivyotaka. Ukaniita nisome namba na mimi nikaisoma. Nikakuambia baridi hii haitaganda, ongeza hadina. Ukasema, "Hapana Baba, hii si puti. Hii vipimo vyake haviongezwi. Kama ni baridi tutengeneze joto. Tuiingize chumbani, tuwashe taa kubwa mbili, tufunike na turubai."

Puti, baridi ikizidi, unaiongezea hadina inaganda. Hilo nimelifanya mara zisizohesabika, hata kwa macho yaliyofumbwa. Nikajiona napewa somo na mtoto ndani ya banda langu. Nikakutuma chai. Ulipopita mlango tu nikachukua kopo la hadina, nikamimina kifuniko kizima, nikakoroga. Uliporudi tukaanza kupaka. Wewe ukapaka kwa utulivu, ukifukuza kila povu kwa brashi, hujui kwamba unachokipaka nimekwisha kukiua.

Siku ya pili iling'aa kama maji. Siku ya tatu nikaigusa, alama ya kidole ikabaki. Ukasema tusubiri. Siku ya tano Maulidi akachoka kusubiri, akaja na rafiki zake wawili, akaweka kiganja chake chote juu ya dashibodi, akakitoa, na alama ya kiganja ikabaki pale na mistari yake yote. Tulikuwa tumeitoa juani, vumbi limeshikilia kila mahali. Akanigeukia. "Fundi Hamisi, hii ni dashibodi au halua?"

Rafiki zake wakacheka. Nami, mbele yao, na wewe umesimama umeshika kitambaa cha kufutia, nikasema, "Aliyepima ni binti."

Ulinitazama mara moja tu. Jioni ukanijia peke yako, ukaniuliza kwa adabu kabisa, "Baba, hukuongeza hadina?" Nikasema, "Wallahi sikugusa." Ukasema, "Basi nimekosea mimi," ukaenda kuosha vyombo.

Nitakuambia na la baadaye, maana bila hilo utafikiri labda sikuwa na hakika. Wiki moja baada ya pale nilichukua vikopo viwili vya mtindi. Kimoja nikachanganya kama ulivyopima wewe, kingine nikaongeza kama nilivyoongeza mimi. Nikavificha juu ya kabati. Cha kwanza kiliganda kikawa jiwe, nilikitupa sakafuni kikadunda. Cha pili hadi leo ukikibonyeza kinanata. Kwa hiyo tangu Agosti nilijua, na nikaendelea kukutazama unajilaumu. Ulianza kusema kichwa kinauma, siku nyingine una nguo za kufua, halafu ukaacha kabisa kuja bandani. Mizani ukampa mama yako apimie unga. Siku moja nilifungua daftari lako nikitafuta namba ya duka, nikakuta umefanya ile hesabu ya mia na thelathini mara nne, ukurasa mzima, na chini umeandika: "Sijui nilikosea wapi." Nikalifunga nikalirudisha mahali pake. Niliumia, lakini sikuumia vya kutosha kusema, na hilo ndilo linalonitia aibu zaidi ya yote.

Na ile karamu ya mwezi uliopita. Nilimwambia mama yako apike pilau ya watu kumi masikini, nikasema ni sadaka ya safari yako. Haikuwa sadaka ya safari. Ilikuwa kafara ya kiapo changu. Nilitaka nimalizane na Mungu kimyakimya, bila kukugusa wewe. Na wewe ndiye uliyepakua zile sahani, ukawanawisha wale wazee mikono, mmoja akakuombea dua ndefu ya safari, nami nimekaa pembeni naitikia amina. Hata nilipokuwa natubu nilikuwa napaka puti.

Jumatano nilimweleza ustadhi wa msikiti wetu. Ni kijana, unamjua, juzi tu alikuwa anacheza mpira na kaka zako wa jirani, nami nilimzibia pancha ya baiskeli akiwa hajui hata kufunga kanzu. Nilitegemea ataniambia Mungu ni mwingi wa kusamehe, niende zangu. Akaniuliza, "Huyo uliyemsingizia anajua?" Nikasema hajui. Akasema, "Basi, Mzee wangu, umelisha watu kumi, lakini mmoja bado ana njaa." Sikumpenda siku ile. Nilitoka bila kumuaga vizuri.

Jana baada ya swala ya Ijumaa nikaenda dukani kwa Maulidi. Nilichagua saa ile makusudi, barazani pamejaa watu, na wale rafiki zake wawili walikuwepo. Nikamwambia, "Maulidi, dashibodi yako niliiharibu mimi. Binti alipima sawa, mimi nikaongeza hadina kwa siri, kisha nikamtupia yeye."

Akaweka chini kikombe chake cha kahawa. "Miezi saba, Fundi. Leo ndiyo umekumbuka?"

"Sikuwa nimesahau. Nilikuwa naogopa."

"Unamwogopa nani? Mimi?"

"Naogopa kuonekana sijui kazi."

Akakisukuma kikombe pembeni. Halafu akasema, "Unajua yule mtoto alinipita sokoni akaniamkia shikamoo, na mimi nikageuza uso? Shikamoo ya mtoto wa watu nimeiacha hewani kwa ajili yako." Nikamwambia sikulijua hilo. Akasema, "Sasa unalijua. Dashibodi nilishafunga nyingine, hiyo nimekusamehe. Lakini kazi yangu sikuletei tena. Si kwa sababu uliharibu. Kila fundi anaharibu." Akasimama, akawaambia wale waliokuwepo, "Mmesikia wenyewe. Msije mkasema binti wa Hamisi hana mkono." Nikatoka. Sitakudanganya kwamba nilijisikia mwepesi. Nilijisikia vibaya sana. Lakini nilikuwa nimekwisha kusema, na neno haliwezi kurudi mdomoni.

Maulidi alikuwa na haki yake, nimemrudishia. Iliyobaki ni yako, na ndiyo kubwa.

Wiki tatu zilizopita yule mama msimamizi wa Arusha alipokupigia simu, uliweka sauti ya nje ili na sisi tusikie. Akasema gereji yao wanaunda mabodi ya magari ya watalii, wana nafasi mbili, moja ya kutunza stoo, moja ya kujifunza upande wa faiba, na kwamba binamu yangu Salimu amemwambia wewe umewahi kushika kaboni. "Wewe unataka ipi?" Nilikuona ulivyotazama mikono yako. Ukasema, "Stoo, mama." Akakuambia basi, lakini nafasi ya faiba hatampa mtu mpaka Jumatatu utakapofika, ukibadili mawazo umwambie. Ulipokata simu ukaniambia, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Mikono yangu haina baraka na rizini, Baba." Na mimi, Rukia, nikakujibu, "Stoo nayo ni kazi."

Stoo ni kazi ya heshima na sitaidharau. Ungeichagua kwa kuipenda ningekubebea begi nikiimba. Lakini uliichagua kwa sababu ya uongo wangu. Mikono yako haina kasoro yoyote. Kama kuna mkono usio na baraka siku ile, ni huu unaoshika kalamu. Kwa hiyo nakuomba, na safari hii naomba kama baba anayejua alichokifanya: Jumatatu ukifika, kabla hawajakupa funguo za stoo, mwambie yule mama unataka faiba. Akikuuliza kwa nini ulisema stoo, mwambie ukweli, kwamba baba yako alikudanganya. Usinifunike. Mtaje Hamisi fundi puti wa Area D, mimi sitakufa.

Ukienda utaharibu vitu, hilo nakuahidi. Kaboni ni ghali na mwalimu wako atakukaripia. Ukiharibu, sema siku ileile, maana ukisubiri hadi asubuhi yake utakuta umeshatafuta maneno mazuri. Wazee husema ngoja ngoja huumiza matumbo, mimi yangu yameuma tangu Julai. Na ukimwona mtu mkubwa kwako anataka kuongeza kitu kwenye kopo lako kwa sababu amezoea, mwambie kama ulivyoniambia mimi, kwa adabu ileile. Akikutuma chai, mwambie aende mwenyewe.

Mimi nami nimeamua. Umri huu si wa kujifunza, mama yako anasema, lakini hata yeye anajua ananitania. Kipande cha kitambaa kilichobaki kipo. Juzi nilimwomba mizani, nikaambiwa nirudishe kabla ya chapati. Nitatengeneza kipande kidogo kwanza, cha redio tu, nitapima mia na thelathini, nitawasha taa mbili na kufunika na turubai kama ulivyotaka, na nitasubiri. Nikikosea nitakupigia simu nikuulize. Utanijibu kama mwanafunzi wako, usinionee haya.

Hilo la kiapo sijui utalisamehe lini. Usiharakishe kwa sababu ya safari. Mtu akisamehewa mlangoni, begi liko begani, anayesamehe hajapata hata nafasi ya kukasirika. Una haki ya kunikasirikia hadi Babati, hadi Arusha, hadi Ramadhani ukitaka. Nitapokea simu zako zote, hata zile za kunigombeza, na mama yako nimeshamwambia yote leo mchana. Alilia, halafu akaniambia maneno ambayo sitayaandika.

Nilikuwa nimepanga nikuchomekee barua hii katikati ya nguo, uikute ukiwa umeshavuka Kondoa, mimi nikiwa mbali. Nimeandika hadi hapa ndipo nikaona kwamba huko nako ni kujificha. Sasa hivi nimekusikia umetoka uani kuanua nguo. Nakuja kukupa mkononi, na nitasimama hapohapo mbele yako mpaka utakapoimaliza.

Baba yako,
Hamisi